Bunduki ya Kuwindia Bata

Ukiniuliza kaseti gani inafaa kununuliwa kwa mashine ya gemu ya zamani, nitakujibu ile ya kuwinda bata, maana inakuja na bunduki yake ya plastiki. Jibu hilo nusura liniue kwa hofu.

Jumatano niliipata mnadani Nyakahura, nikaifunga bunduki ndani ya koti, nikaitia kwenye mfuko wa safari na kupanda gari la kurudi Ngara. Kwenye kizuizi askari akaingia kukagua mizigo. Alipougusa tu mfuko wangu, nikanyoosha mikono juu.

"Afande, si bunduki ya kweli."

Abiria wakalala chini. Kumbe askari alikuwa akitafuta kahawa ya magendo. Akarudi nyuma, akanielekezea yake, ya kweli. Suruali yangu ikalowa.

Baada ya kuiona ile plastiki, akataka mtu anayenifahamu. Kwa kiwewe nikamtajia mkuu wa shule ninayofundisha, nikasahau nilivyomuaga alfajiri. Askari akampigia simu, akaweka sauti kubwa, gari zima likasikiliza.

"Mwalimu Deo?" mkuu akajibu kwa huzuni. "Amelazwa huyo, afande. Asubuhi shule nzima tumemwombea."