Rimu Ambayo Sikuipiga

Sogea karibu, mwanangu, wewe uliyechaguliwa juzi kuongoza mtaa wako hapo Kamunyonge, na wewe pia ambaye hujachaguliwa bado. Nitaeleza taratibu, maana jambo lenyewe linaniuma hadi leo.

Ipo Alhamisi moja ambayo sijaisahau. Nilikuwa kijana, mtendaji wa kijiji upande wa Bunda, kijiji cha pamba na ng'ombe. Kipindupindu kilikuwa kinatembea nchi hadi nchi na redio ilikitaja kila siku. Asubuhi hiyo akaja Bibi Nyangeta, balozi wa nyumba kumi za bondeni. Akaniambia watu watatu wa nyumba moja wanaharisha maji matupu, na wote walikunywa maji ya lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe.

"Piga rimu, watu waambiwe," akasema.

Rimu ya lori ilining'inia nje ya ofisi yangu; ndiyo iliyokuwa kengele ya kijiji, na mara nyingi niliipiga kuwaita watu kwenye kazi ya pamba. Lakini Jumamosi ulikuwa mnada wa ng'ombe, na mkubwa wangu alishatuonya kwamba hataki habari mbaya kutoka kwetu. Ningetangaza, mnada ungefungwa na mimi ningeonekana nimeshindwa kazi. Nikamwambia bibi asubiri. Kwenye taarifa ya wiki nikaandika: hali ni shwari.

Mnada ukafanyika. Unajua mnada wetu ulivyo: nyama choma, watu wananawa beseni moja, kibuyu cha togwa kinapita mkono kwa mkono. Dada yangu Bhoke alikuja kutoka Butiama kuuza togwa. Maji ya kuchanganyia aliyachota lamboni, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Jumatatu nikaletewa habari kwamba amezidiwa. Nilipofika Butiama na baiskeli yangu, nilikuta wanachimba kaburi.

Niliporudi kijijini niliipiga ile rimu kwa nguvu zangu zote. Wakaja wachache.

"Leo ni pamba tena, mtendaji," mmoja akauliza, "au umekumbuka kwamba na sisi ni watu?"

Walishajua kwamba nilikuwa na habari tangu Alhamisi. Niliposema wachemshe maji, wakageuka kwenda zao. Walipofika nyumbani wakawaficha wagonjwa wao ndani, na ugonjwa ukaendelea kutembea.

Bondeni kwa Bibi Nyangeta mambo yalikuwa tofauti. Wale watatu walipona, na hakuna mwingine aliyeugua. Alhamisi ile ile alipita mlango kwa mlango akisema anachokijua, na asichokijua akakiri kwamba hakijui. Watu wake walimtii kwa sababu hakuwahi kuwadanganya, hata kwenye mgao wa mbegu za pamba.

Akaja ofisini, akakaa.

"Kwenye pamba unatupigiaga rimu hata uji hatujanywa," akasema. "Kwenye uhai wetu ukanyamaza. Sasa nani atakuitikia?"

Akainuka, akanishika mkono. "Twende. Utasema mwenyewe kwamba ulificha. Mimi nitasimama hapo pembeni."

Nikasema mbele ya watu, na jina la dada yangu nikalitaja. Siku hiyo ndipo walipoanza kuchemsha maji na kuwatoa wagonjwa kuwapeleka zahanati.

Sasa nimezeeka, naishi Makoko, na nimeona magonjwa mengine yakizunguka dunia. Ugonjwa una njia yake, maji au hewa, lakini sisi viongozi tunaweza kuupunguzia mwendo au kuuongezea. Mtendaji akimwogopa mkubwa wake kuliko anavyowahurumia watu wake, ugonjwa unapewa wiki nzima ya kutembea bila kuulizwa. Na imani ya watu haiombwi siku ya msiba. Unaijenga katika vikao vidogo, unapogawa mbegu, unaposoma mapato, unapokubali kuulizwa. Ukikosea, usijifiche. Mimi nilikosea vibaya, na bado walinisikiliza nilipokiri.

Mungu akupe moyo wa Bibi Nyangeta, mwanangu, na asikuonjeshe safari yangu ya Butiama. Siku utakayosikia habari za mgonjwa wa kwanza, waite watu siku hiyo hiyo. Waambie maji gani wasiyaguse na mgonjwa apelekwe wapi. Halafu ndipo ukae uandike taarifa, na uandike ulichokiona.