Mwalimu wa Watoto Tisini na Saba

Siku ya kwanza Fundi kumtia Mwalimu machoni, alikuwa amelala chali chini ya dawati na misumari mitatu mdomoni. Alichokiona mwanzo ni viatu tu: vyeusi, vya kamba, vimepauka mbele kwa vumbi la chaki. Kisha sauti ikashuka kutoka juu, nzito na pana, sauti ya mwanamke aliyezoea kusikika mbali.

"Wewe uliyelala hapo, umeandikishwa darasa hili?"

Watoto waliangua kicheko. Fundi alitaka kujibu, lakini mwenye misumari mdomoni hajibu, na hata angekuwa hana asingejibu. Tangu utotoni alikuwa mzito wa kusema. Shule aliishia ya msingi, na mbele ya mtu aliyesoma ulimi wake ulikuwa mkavu kama maranda. Alitoa kichwa, akaitema misumari kiganjani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimetumwa na mwalimu mkuu. Haya madawati."

"Marahaba. Tengeneza, ila hawa sina pa kuwapeleka. Ni tisini na saba, na nje jua linachoma."

"Basi nirudi wakishatoka."

"Wakitoka hawa wanaingia wa mchana. Wewe gonga tu. Taratibu, mojamoja. Sisi tutakufuata."

Fundi hakuelewa mpaka aliposhusha nyundo ya kwanza. Ko! "Ba!" watoto wakaitika kwa pamoja. Ko! "Be!" Ko! "Bi!" Akashikwa na haya, mkono ukateleza, akagonga mara mbili za harakaharaka. Safu za mbele zikasema "bo", za nyuma zikasema "bu", darasa zima likavurugika.

"Fundi ameacha wageni nyumbani, anatukimbiza," Mwalimu alisema. "Haya, turudie."

Madawati sita yaliposimama, darasa lilikuwa limetoka kwenye "ba" mpaka kwenye "za", na shati la Fundi lilikuwa limelowa chapachapa. Njiani kurudi karakana alijikuta anacheka peke yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Katika wale tisini na saba alikuwamo kitinda mimba wake. Walimwita Chiriku kwa sababu hakufunga mdomo tangu kuamka mpaka kulala. Alikuwa darasa la kwanza kwa mara ya pili. Hadithi alizijua tele, majina ya paka wote wa mtaani aliyajua, lakini herufi zilimpita kama maji kwenye chujio. Mwaka wa kwanza alikuwa na mwalimu mwingine, ambaye aliandika kwenye ripoti neno moja tu: "Mzito." Mama Chiriku aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya godoro, na siku mbili hakumsalimu mtu.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya shule hiyo ya serikali, ilikuwapo shule ya masista. Shule hizo mbili zilitazamana, geti kwa geti, na Fundi alifanya kazi kote kuwili. Kwa masista kila darasa lilikuwa na watoto ishirini na wanane, kila mmoja na dawati lake. Dari ilikuwa ya mbao, na mvua ikinyesha waliisikia kwa mbali tu. Mtoto akikosa siku mbili, nyumbani kwao mtu alibisha hodi. Fundi akiingia darasani, watoto walisimama na kuimba, "Ka-ri-bu, Fun-di!" mpaka alitamani ardhi ipasuke aingie. Kwa serikali hakuna aliyesimama. Ila ukidondosha msumari, mikono kumi ilikuletea, na mwenye mkono wa kwanza alikuuliza kama una mke.

Shule ya serikali haikumrudisha mtoto. Asiye na viatu aliingia, asiyesikia vizuri aliingia, na yule ambaye wazazi wake walihama kila baada ya miezi mitatu alikaa dirishani na kuandika jina lake kama wenzake. Kwa masista kulikuwa na usaili. Mama Chiriku alimpeleka binti yake huko, amemsuka, amempaka mafuta uso ukang'aa. Walimwambia aandike jina lake. Chiriku aliishika kalamu, akaanza kumsimulia Sista Mkuu habari za paka aliyezaa kwenye kikapu cha nguo.

"Ni mtoto mzuri sana," Sista Mkuu alisema, na ilionekana kwamba hakuwa anadanganya. "Aje mwakani, akishajua kusoma."

Mama Chiriku aliitikia kwa adabu zote. Kufika nyumbani ndipo alipofunguka. "Akishajua kusoma nimpeleke kwao kufanya nini? Kuwasomea?"

Hivyo tumaini lote la nyumba ile likabaki kwa Mwalimu.

Muhula wa kwanza haujafika katikati, sauti ya Mwalimu ilianza kukwaruza. Watu walidhani ni mafua. Alikunywa maji ya moto, alijifunga kitambaa shingoni, lakini ikifika saa nne asubuhi alikuwa anasema kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Mwisho alikwenda hospitali. Daktari alimulika kooni, akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akamwambia apumzike miezi mitatu bila kusema, hata kwa kunong'ona. Akiendelea kupaza sauti, uvimbe utakua, na ikibidi ukatwe, sauti huenda isirudi.

Mwalimu aliomba likizo. Ofisi ikamjibu kwamba hakuna wa kumshikia darasa, asubiri. Masista wakapata habari. Sista Mkuu alivuka barabara mwenyewe, akamwambia kwao ipo nafasi: watoto ishirini na wanane, madirisha yanafungwa, hatahitaji kupaza sauti hata mara moja. Miezi ya mwanzo atasaidiwa na msichana wa kumsemea. Mwalimu hakuwa wa dini yao. Sista akasema hilo si neno, mradi asimame nao wakati wa sala.

Siku hiyo Fundi alikuwa darasani kwake anafunga bawaba za dirisha. Watoto walikuwa nje kwa mapumziko. Mwalimu aliketi juu ya dawati, miguu inaning'inia kama mwanafunzi.

"Fundi, wewe huna maneno mengi, ndiyo maana nakuuliza. Wenye maneno nimeshawasikia. Nivuke, nisivuke?"

Fundi aliuma bisibisi kwa meno. Katika maisha yake hakuna msomi aliyewahi kumwomba ushauri. Alijua jibu lililo sawa. Mtu anapoambiwa na daktari kwamba sauti yake inakwenda, huambiwa nenda, tena leo. Lakini pale dirishani alikuwa anamwona Chiriku, ameshika kijiti, anachora chini, na wiki iliyopita tu alikuwa ameandika herufi tatu za jina lake, zote zikitazama upande unaotakiwa.

"Hawa watabaki na nani?" akasema.

Mwalimu alitazama nje, akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi nilikuwa najiuliza hivyohivyo," akasema. Akashuka kwenye dawati, akaenda kugonga kengele.

Hakuvuka.

Fundi alirudi karakana akiwa na kitu kimemkaa kifuani kama kipande cha mbao. Usingizi ulimpa kisogo. Siku ya tatu alipata wazo. Alikuwa anawatengenezea masista mabenchi ya nyumba yao ya sala, na vipande vya mbao vilivyobaki vilijaa kona nzima. Alimfuata Sista Mkuu, akasimama mlangoni mpaka sista akachoka kumngoja.

"Sema, Fundi, sing'ati."

"Vile vipande, Sista. Naviomba."

"Vya kuni?"

"Vya kuandikia."

Alikata vibao tisini na saba, kila kimoja upana wa viganja viwili vya mtoto. Alipiga msasa kingo zote zisichome, akavipaka rangi nyeusi ya ubao, mara mbili. Alivipeleka kwa mkokoteni, akaviweka mbele ya darasa, akashindwa kueleza. Mwalimu alichukua kimoja, akakigeuza, akaelewa bila kuambiwa.

Kuanzia hapo darasa lilibadilika. Mwalimu aliandika ubaoni, akapiga kofi moja, watoto wakaandika. Akipiga makofi mawili, vibao tisini na saba vilipanda juu ya vichwa kwa mkupuo. Alipita kwa macho tu, safu kwa safu, akaona nani amepata, nani amenakili kwa jirani, nani amechora paka. Zamani, kusahihisha madaftari tisini na saba kulimla siku mbili, na mtoto aliyekosea alikuwa ameshasahau alikosea nini. Sasa alimfikia palepale, akamshika mkono, akamwandikisha. Siku nzima hakusema zaidi ya maneno hamsini.

Sista Mkuu alikuja kutazama, akasimama nyuma kabisa karibu na ukuta. Makofi mawili, vibao juu. Akajishika kifua.

"Kwetu wamekaa kimya muda wote," alimwambia Fundi walipotoka. "Na mimi nimechukulia kwamba wakinyamaza wameelewa. Labda wananiogopa tu." Kisha akasema, "Lakini huyu mama anajiua. Wewe unaliona hilo?"

Fundi aliliona. Alipiga moyo konde akajiambia kwamba vibao vitamwokoa. Na Chiriku alikuwa anasoma. Mwezi wa pili wa vibao alisimama barabarani mbele ya duka, akasoma kwa kidole, "Chu-mvi i-po." Mama yake aliacha kapu chini, akalia mbele za watu.

Ilikuja mvua. Paa la shule ya serikali lilikuwa bati tupu, halina dari, na mvua ikipiga mle ndani ni kama kumwagiwa kokoto kichwani. Watoto walishtuka. Upepo ulisukuma dirisha moja likang'oka, maji yakaingia, safu mbili zikaruka na kukanyagana, mtoto mmoja akaanguka chini ya miguu ya wenzake. Hapo makofi hayasikiki. Mwalimu alifungua kinywa akaita kwa ile sauti yake ya zamani, mara moja, "Kaeni!" Wakakaa wote. Aliyeanguka aliinuliwa, hakuumia. Lakini Mwalimu alipojaribu kusema neno la pili, hakikutoka kitu ila pumzi.

Safari hii daktari hakuzungumzia mapumziko. Alisema uvimbe ni mkubwa, unakatwa wiki hiyohiyo, na ajiandae kwamba sauti haitarudi. Ofisi, ambayo haikuwa na mtu wa kumshikia darasa kwa miezi mitatu, ilimpata mtu kwa siku mbili.

Fundi alisikia habari hizo karakana, kutoka kwa mke wake. Aliiweka randa chini.

"Nenda ukamwone," Mama Chiriku alisema.

"Nikamwambie nini mimi?"

"Utajua hukohuko. Usiende tu ukakaa kama gogo."

Alikwenda saa kumi alasiri, amevaa shati la kutokea. Mwalimu aliishi vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, na mdogo wake wa kike alikuwa anamfungia begi la hospitali. Sauti ilikuwa imerudi kidogo, nyembamba kama uzi, na mdogo mtu alimwonya Fundi: asimchoshe, asimsemeshe sana. Fundi alitaka kucheka. Hakuna aliyewahi kumpa onyo la namna hiyo.

Walikaa. Kikombe cha chai kilipoa. Fundi alikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "siku ile uliponiuliza. Sikukujibu kwa ajili yako. Nilikujibu kwa ajili ya mtoto wangu. Nilijua ulipaswa uende. Nilijua kabisa, nikasema vile. Halafu nikakuletea na vibao ili usiondoke." Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. "Naomba unisamehe."

Mwalimu alikisogeza kikombe pembeni. Hakutabasamu, na hakukasirika.

"Nilijua," akanong'ona. "Ulikuwa unamtazama yeye dirishani, hukunitazama mimi. Fundi, mimi si mtoto. Ningetaka kwenda ningekwenda, hata ungejilaza barabarani." Akakohoa, mdogo wake akanyanyuka, Mwalimu akamzuia kwa mkono. "Inauma. Sitakudanganya kwamba haiumi. Lakini mzigo huo si wako peke yako, usiubebe wote."

Mdogo mtu akasema basi, imetosha, kesho ni mapema. Fundi akainuka, akaaga, akafika mlangoni. Hapo Mwalimu akapiga kofi moja. Fundi akageuka kama mtoto wa darasa la kwanza.

Operesheni ilifanyika asubuhi iliyofuata. Mwalimu alipona, akaishi miaka mingi, akafanya kazi ya maktaba kwa masista. Kila alipopita mbele ya karakana alimpungia Fundi mkono, lakini sauti haikurudi. Kwa hiyo yale aliyoambiwa pale mlangoni yalikuwa ya mwisho, na Fundi aliyashika kama yalivyo.

"Chiriku akisoma anaruka mstari," Mwalimu alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Usimkaripie. Mrudishe aliporukia. Na akikwama kwenye neno usimtajie, Fundi, hata kama unalijua. Chakula kiungue huko jikoni, wewe mngoje."