Mjomba Ndiye Aliyechagua Shule

Walionitenganisha na binti yangu wapo hai, na watu wanawaamkia vizuri barabarani. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa Lisekese. Wa pili ni mama mkwe, aliyekuwa akimchochea. Wa tatu ni mwalimu mkuu wa shule ya kulipia pale Masasi. Majina nayaacha kwa ajili ya mtoto, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi nimeishia darasa la nne. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli na pikipiki. Hapa Newala mafundi tulikuwa wengi kuliko pikipiki, nikasikia ng'ambo ya Ruvuma, kule Mueda, fundi anatafutwa kama maji. Tukahama, mimi, mke wangu na binti yetu wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefikia umri wa kuanza shule. Maongezi hayakutusumbua, maana Mueda ni Wamakonde wenzetu, na Kiswahili wengi wanakijua. Tatizo lilikuwa shule, kwa sababu Msumbiji wanasoma kwa Kireno.

Shule ya serikali ilikuwa nyuma ya kibanda changu cha kazi. Madawati hakuna, watoto wamejaa chini kama kumbikumbi. Lakini mwalimu wao, akiona Kireno hakijaingia, alikuwa anageukia Kimakonde, watoto wanacheka, halafu wanaelewa. Binti yangu nikampeleka pale. Wakati wa mapumziko alikuwa anakuja kibandani, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, anapanda juu ya tairi bovu na kunifundisha mimi kuhesabu kwa Kireno.

"Sema umu."

"Umu."

"Sema doishi."

"Doishi."

"Baba, unasema kama una muhogo mdomoni!"

Wateja wanacheka, na mimi nacheka, mikono imejaa grisi. Watu wakiniuliza nimepoteza nini Msumbiji wanadhani nitataja vyombo vya kazi. Ninachokitamani ni ile saa ya mapumziko. Mpaka leo nikisikia kengele ya shule natazama mlangoni.

Msimu wa korosho ulipokwisha, shemeji akaja kututembelea. Sasa, kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba unalisha, unavisha, unauguza, lakini neno la mwisho ni la kaka wa mama. Mila hiyo nimezaliwa nayo, siikatai. Mke wangu akachinja jogoo, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya kaka yake, kama inavyopasa. Shemeji alikuwa ameshamwona mtoto akitoka shule.

"Shemeji, hicho Kireno atakuja kukiongea na nani Newala? Na mbuzi?"

"Sisi tunakaa huku, shemeji."

"Mnakaa! Mmepanga chumba kimoja, mnasema mnakaa. Mtoto wa dada yangu hawezi kusomea chini kwenye vumbi. Masasi kuna shule ya Kiingereza, ina bweni. Nitalipa mwenyewe."

"Huyu mtoto ana baba."

"Nani kasema hana? Baba ni wewe. Mjomba ni mimi." Akaitia firigisi mdomoni.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anakusanya sahani. Baadaye akaniambia, "Ningesema nini? Mama naye ameshapiga simu, anasema mjukuu wake asigeuzwe Mreno."

Asubuhi mtoto akavalishwa nguo ya sikukuu. Hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu wangu mmemwambia?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwalimu alikuja mwenyewe kibandani kumuulizia, nikajifanya natafuta spana.

Haukupita muda mrefu, vita ikafika. Wenye mapanga na bunduki walianzia vijiji vya mbali, wakasogea. Tuliacha sufuria jikoni, tukalala porini, tukala muhogo mbichi, tukavuka mto na nguo tulizovaa. Nilipofika Newala nilidhani watu watanipa pole. Walinipa, ila kila pole ilikuwa na mkia: "Mshukuru shemeji wako. Je, kama ungekuwa na mtoto kule?" Shemeji mwenyewe alikuja, akanitazama miguu iliyovimba, akasema neno moja. "Umeona?"

Nimeona. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini shemeji hakuwa ameota vita. Alimwondoa kwa sababu ya vumbi, akaja kuchukua sifa za vita.

Siku ya wazazi nikapanda gari kwenda Masasi. Binti yangu alikuwa amerefuka, soksi nyeupe. Nikamsalimu kwa Kimakonde kama tulivyozoea. Akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unaogopa?"

"Tutavalishwa kibao."

Nikaonyeshwa. Kipande cha mbao chenye kamba. Anayekamatwa akiongea lugha ya nyumbani anakivaa shingoni mpaka naye amkamate mwenzake. Siku zake za mwanzo binti yangu alikuwa amekivaa kuliko wote, maana Kiingereza hakuwa nacho, alikuwa na maneno yetu tu. Mwalimu mkuu akanishika bega. "Mzee, mtoto akija likizo, nyumbani ongeeni naye Kiingereza." Nikamuuliza, "Kwa mdomo wa nani?"

Mwaka huu amemaliza la saba. Serikali imempangia sekondari hapahapa Newala, angekuwa anatoka nyumbani kwa miguu na kurudi kula. Nikapiga chumba lipu, nikanunua kitanda. Shemeji akaleta salamu kwamba amepata shule ya kulipia Uganda. Nchi nyingine tena.

Safari hii sikusubiri kikao. Nilimchukua binti yangu jioni mpaka ukingoni mwa mji, pale unapoona bonde la Ruvuma lote chini na Msumbiji ng'ambo, nikamuuliza yeye. Nilikuwa nimejiapiza, akisema anataka kubaki, hata nitengwe na ukoo mzima, nitasimama.

"Wewe mwenyewe unataka wapi?"

Alifikiri. Alijibu kwa Kiswahili, polepole, bila hasira, kama mtu anayeulizwa ameshakula.

"Popote, baba. Mimi nimeshazoea kukaa mbali."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, akasema anahisi baridi, nikavua koti langu nikampa. Jumatatu mjomba wake akaja kumchukua. Kile kitanda bado sijakitandika.