Kaa wa Kijitoni

Jirani yangu hapa mtaani Tuwan akinyunyizia sukuma wiki yake dawa ya wadudu, harufu hunifanya niweke chini glasi ya maji niliyoshika.

Kule kijijini Malakisi, nilipokuwa mdogo, kukhu, mama yake baba, hakuchota maji ya kijito kabla ya kuinua jiwe na kuona kaa wako hai chini yake. Asubuhi moja tuliwakuta wametoka majini, wamelala nyasini, miguu ikitetemeka. Baba mdogo akashuka kutoka kitalu chake cha tumbaku, pampu ya dawa mgongoni.

“Maji ni safi, mama. Hao wanaota jua tu.”

Kukhu alijaza kikombe, akamnyooshea. “Basi kunywa, mwanangu.”

Alikitazama. “Si nimetoka tu kunywa chai.”

Chai ilikuwa bado haijapikwa. Maji yake ndiyo tulikuwa tumekuja kuchota.