Gauni la Ukungu

Mjukuu wangu ni fundi wa nguo, na simsifu kwa kuwa ni wangu. Namsifu kwa kuwa anajua. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mshono uliopinda nauona hata nikiwa mlangoni.

Mwaka jana aliitwa Mbeya kwenye maonyesho ya mavazi, akatakiwa apeleke magauni saba. Akasema atashona pori: Ziwa Ngosi kule ndani ya shimo la mlima, mianzi ya Mlima Rungwe, maporomoko, mahali asipoishi mtu. Alipanda mwenyewe na buti za marehemu babu yake, akarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Gauni la ziwa alilifanya kijani kinachokaribia weusi. Nikamwambia, "Hapo umetumia macho, siyo picha za kalenda."

La saba lilikuwa ukungu. Alipata kitambaa cheupe, chepesi kama utando wa buibui, akamaliza chote kilichobaki dukani. Akaniletea kwangu Lufingo, karibu na Tukuyu, nikifue, kisinyae kabla hajakishona.

Nilifua, nikaanika. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilipoanguka nilikikwapua nikakatiza migombani, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kukata mkungu. Kisiki cha mgomba kilikuwa bado kinatoa machozi, kitambaa kikakipangusa. Utomvu haujionyeshi siku hiyo. Kesho yake nikakuta madoa ya kahawia, na hayo hata ufue kwa jivu hayatoki. Mtu mzima wa Rungwe kupitisha nguo nyeupe migombani! Mama yake nilimchapa kwa kosa hilohilo, tena na gauni la kipaimara.

Mjukuu alipokuja Jumamosi nilimwambia kabla hajakaa.

"Nimekuharibia."

Akakikunjua, akakaa chini sakafuni. "Bibi, zimebaki siku nane."

"Sandukuni nina shuka nyeupe niliyoweka ya kunizikia. Chukua. Mimi mtanizika na kitenge."

"Bibi! Nikamvalishe mtu sanda yako?"

"Si mpya? Nani kaivaa?"

Akacheka huku analia, mpaka kamasi. Kisha akanionyesha mchoro wake: ukungu mweupe mabegani, rangi ya udongo chini kwenye pindo. Nikautazama. Mtoto wa watu analia, lakini kusema uongo siwezi.

"Ukungu huu uliuona wapi wewe?"

"Mlimani, Bibi. Unafunika kilele."

"Huo ni wingu la mvua. Ukungu wetu wa asubuhi unalala bondeni. Unasimama mlangoni, migomba ya jirani wa chini huioni, na mlima uko juani."

Akasimama, akajitupia kitambaa mwilini, madoa yakaja mabegani, weupe ukabaki miguuni. Akajitazama muda mrefu.

"Madoa hayatoshi," akasema. "Panga liko wapi?"

Tukakata migomba mitatu iliyokwisha kuzaa. Tulipaka utomvu toka mabegani hadi kiunoni, tukingoja ukolee, tukipaka tena. Mikono yangu ilikuwa myeusi nilipokwenda kanisani, na mchungaji nilimsalimia nayo hivyohivyo.

Mbeya, nami nimekaa ukumbini, gauni lile lilitoka mwisho. Msichana alitembea, juu ana rangi ya mteremko uliotoka kulimwa, chini weupe unamfunika hata ukadhani hana miguu, anaelea tu. Ukumbi wote kimya. Nikajua sasa mtoto ameaibika, na mimi ndiye niliyemwaibisha.

Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa nguvu, "He! Hiyo si asubuhi ya Tukuyu hiyo?"

Makofi yakapasuka. Mjukuu wangu akatoka nyuma ya pazia, ameziba mdomo kwa viganja. Nikasimama nikamwambia Mungu ndaga, asante ya kwetu, nikairudia na kuirudia kwa sauti, na mwenye kipaza sauti akaningoja mpaka nikamaliza.