Nilitafuta scholarship ya Norway, nikakuta namna ya kuivisha maharage

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Haya yalinitokea mwenyewe, na maman yupo hai, nikitia chumvi atanisuta.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Nyangezi imefungwa, makala hayaingii mjini.

Ninyi makala mnasoma gazetini. Kwetu ni mkaa, tunawasha!

Nyumbani tulishachoma viti vyote. Ilibaki meza ya marehemu papa, baba yangu, ambayo maman aliipangusa kila asubuhi. Siku ile akasema kesho inapasuliwa. Hakulia, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikakimbilia cyber moja pale Nyawera kutafuta scholarship. Niwe mkweli, kichwani nilishahama nchi. Sisi tumesoma Kifaransa, kwa hiyo kwenye search nikaandika "norvégienne".

Network inajikokota. Nangoja chuo kikuu, ikafunguka picha ya sufuria!

"Marmite norvégienne". Sufuria ya Kinorwe, wakuu! Unachemsha kwa muda mfupi maharage yaliyolowekwa, unaiepua ikiwa inatokota, unaifungia kwenye boksi lenye blanketi. Yanaendelea kuiva humo humo bila moto.

Nikacheka. Halafu nikasoma tena, taratibu. Mara ya tatu nilikuwa nanakili kwenye kiganja, sikuwa na karatasi.

Kesho yake asubuhi tukachemsha kwa makala ya mwisho kabisa. Maman akaniona naifunika sufuria kwa blanketi langu.

"Unalalisha maharagi sawa na mutoto? Iko na homa?"

"Maman, ungoje tu mpaka saa kumi. Ile meza usiiguse."

Zile saa zilinitesa jamani. Shoka lilikuwa limeegemezwa mlangoni, na yakitoka mabichi meza inapasuliwa.

Saa kumi nikafungua. Mvuke ukanipiga usoni! Maman akabonyeza harage moja, likapondeka. Akabonyeza la pili, hakuliamini la kwanza. Akaanza kucheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike papa.

"Leta masahani," akasema. "Weka ku meza."

Scholarship sikupata mpaka leo, na sijuti. Nilichojifunza: ukipotea mtandaoni usikimbilie kufunga page, soma kwanza hapo ulipotua.

Na wewe je, mtandao uliwahi kukupa jibu la swali ambalo hukuuliza? Shusha hapa chini, hata kama ni kichekesho. Mimi nilianza kwa kucheka.