Visigino vya Bibi Ofka

Shemeji yangu Drahomíra ametembeza wageni katika kasri la Tesklín miaka thelathini na moja, na mzimu amemwona mara nne. Mimi nimewasha majiko ya kupasha joto kumbi za kasri hilohilo miaka ishirini na sijaona hata kivuli, lakini hiyo ni kwa sababu mizimu inaniogopa. Cheka tu.

Kwetu huingii kumbini bila kuvaa slipa za sufu juu ya viatu vyako, maana ile sakafu ya mbao ina umri mkubwa kuliko ukoo wenu wote. Kila mtu anateleza kama bata kwenye barafu, awe tajiri awe mwosha vyombo. Kwa hiyo ukisikia kisigino kinagonga, ko, ko, ko, ujue huyo hakupitia mlangoni kwetu.

Huyo ni Bibi Ofka, mzimu wetu, zamani za kale mke wa bwana wa kasri. Mumewe alimfungia katika chumba cha juu kwa wivu. Vita vikazuka, jeshi la Waswidi likaja na mizinga, kasri zima likakimbia, ufunguo ukaondoka mfukoni mwa mume. Waliporudi, theluji imeyeyuka, walimkuta kalala mlangoni, visigino vya viatu vimelika vyote kwa kutembea huku na huku. Drahomíra akiisimulia, wanawake hulia na wanaume hujidai wana mafua.

Basi akaletwa msimamizi mpya, Bwana Kubelka, kijana wa shahada mbili.

"Mama Drahomíra, hili ni jumba la makumbusho, si kilinge. Nikisikia tena habari za mzimu, utakwenda kulea wajukuu."

"Sina wajukuu, bwana. Nina kasri."

Wiki tatu Drahomíra akawaeleza wageni sahani na makabati tu. Wakapiga miayo. Jioni supu yake ya kitunguu saumu ilipoa mezani, yeye anaitazama tu. "Shemeji, nikitaja sahani najiona nimekufa mimi," akaniambia. Nilimwambia nitampiga ngumi Kubelka. Akaniambia nimalize supu.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, wakaja wakaguzi kutoka Praha. Kubelka akawaongoza mwenyewe, tai imemkaba. Mimi nilikuwa palepale nazoa majivu, kwa hiyo usiniambie nimesimuliwa. Drahomíra amefikia maelezo ya kabati la mwaloni, sauti kama ya mtu anayesoma bei za viazi, mara juu yetu:

Ko. Ko. Ko.

Chumba cha juu kimefungwa, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa Kubelka! Sote tukatazama miguu. Sufu, sufu, sufu tupu! Mimi sikuogopa. Nilichuchumaa nyuma ya jiko kulikagua vizuri.

"Nani yuko huko?" akauliza mkaguzi mmoja, mama mnene wa miwani.

Macho ya Drahomíra yaliwaka kama ya bibi harusi. "Muulizeni bwana mkubwa. Mimi nimekatazwa. Niendelee na kabati?"

"Kabati gani tena! Nani yuko juu?"

Ko, ko, ko, sasa mbiombio, mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Kubelka akarudi nyuma, slipa zikamtoroka, akakaa chini pu!

"Waambie, Mama Drahomíra!"

"Niwaambie nini, bwana?"

"Ofka! Waambie habari za Ofka!"

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mama yangu, lakini twende uani!"

"Uani? Hii husimuliwa hapahapa, chini yake."

Akaanza. Jamani! Sijawahi kumsikia hivyo. Kwa vidole vitupu aliusogeza ufunguo wa yule mume kutoka mfuko hadi mfuko, aliipiga mizinga kwa kiganja chake, na mama wa miwani akamshika mkono mwenzake akasahau kuuachia. Hatua za juu zikapungua, zikawa moja moja, kama na huko kuna anayesikiliza. Alipofika kwenye theluji kuyeyuka na mume kupanda ngazi, akavuta pumzi.

"Ikawaje?" akanong'ona Kubelka pale sakafuni, kaukumbatia ufunguo kwa mikono miwili.

"Usinikatishe, bwana," akasema Drahomíra. "Nipo kazini."